Mzigo wa Chama Usibebwe na Mtu Mmoja

Vyama vya vijana huzaliwa vingi, walakini vinavyofika utu uzima ni vichache. Katika miji na vijiji vyetu ni shida kuona mtaa usiopata kuwa na chama cha vijana: chama cha kusaidia mayatima, chama cha kusafisha makaburi, chama cha kuandaa Maulidi, chama cha kufundishana masomo wakati wa likizo. Siku ya kwanza watu hujaa, huchaguliwa mwenyekiti, mwandishi na mtunza hazina, fedha hukusanywa na dua husomwa. Baada ya mwaka mmoja au miwili, ukiuliza habari za chama kile, utajibiwa kwamba yule kijana aliyekuwa akikishughulikia amehama kwenda kutafuta kazi, au ameoa, au amegombana na wenziwe. Na daftari liko kwake, na ufunguo wa sanduku uko kwake. Basi chama kimekwisha.

Watu wazima hupenda kusema kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu. Mimi nimekaa na watoto chuoni kwa miaka mingi, na sikubaliani nao. Ukichunguza vyema utaona ya kwamba vyama vingi hivi viliuawa na bidii ya mtu mmoja kuliko uvivu wa wengi. Kijana mmoja mwenye moyo alizichukua kazi zote. Wenziwe walimwachia, mwanzo kwa kumheshimu, kisha kwa mazoea, mwisho kwa kutojua hata kazi yenyewe hufanywaje. Alipochoka hapakuwa na wa kumpokea mzigo, kwa kuwa hapana aliyewahi kuushika.

Katika makala haya nataka kueleza jinsi jumuiya moja kubwa ya vijana, nayo ni ya Maskauti, inavyougawa mzigo huu. Sikuichagua ili kila mzazi ampeleke mwanawe uskauti. Hilo ni shauri la mzazi mwenyewe. Nimeichagua kwa kuwa imedumu zaidi ya miaka 100, haifanyi biashara ya kugawana faida, watu wazima walio wengi ndani yake hawapati mshahara, na hata hivyo ina wanachama zaidi ya milioni 50 duniani. Chama kisicholipa mshahara hakina njia ya kumlazimisha mtu. Kikidumu zaidi ya karne moja, yafaa tuulize kinadumu kwa siri gani.

KAMBI YA KISIWANI

Mwezi wa Agosti mwaka 1907, jenerali mmoja wa jeshi la Kiingereza, Robert Baden-Powell, alichukua wavulana kama 20 akaenda nao kupiga kambi katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Baadhi yao walikuwa wana wa matajiri waliosoma katika shule za fahari, na wengine walikuwa wana wa wafanyakazi wa miji ya karibu. Katika Uingereza ya siku zile watoto wa namna hizi mbili hawakuwa wakicheza pamoja wala kula pamoja.

Hakuwaweka wote chini ya amri yake kama askari wa gwaride. Aliwagawa katika vikosi vinne, akaviita kwa majina ya wanyama na ndege: Mbwa Mwitu, Mafahali, Kunguru, na kikosi cha nne kwa jina la ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu. Kila kikosi kilipewa utepe wa rangi yake wa kuvaa begani, kikapiga hema mahali pake, na kikawa na mkubwa wake, naye ni mvulana mmojawapo. Mvulana huyo alikabidhiwa dhamana ya mwenendo wa wenziwe wakati wote, wawapo kambini na wawapo porini.

Tena hakuwakabidhi kwa maneno matupu. Kila usiku kikosi kimoja kilishika zamu ya ulinzi. Kilipewa unga, viazi, nyama na chai, kila mtu akachukua blanketi lake, na vyombo vya kupikia na viberiti, wakaenda kulala mahali walipoonyeshwa, mbali na wengine. Huko walijipikia wenyewe na kuweka walinzi wao wenyewe. Wakiunguza chakula, walikula kilichoungua. Mlinzi akilala, aibu ilikuwa ya kikosi kizima. Nadhani somo lote la habari hii limo katika usiku ule: kazi ilikuwa ya kweli, na aliyekabidhiwa aliachiwa aifanye.

KWA NINI WATU SITA AU WANANE

Kutokana na kambi ile ulitengenezwa utaratibu ambao Maskauti wanaufuata mpaka leo. Mwaka 1914 kijana mmoja Mwingereza, Roland Philipps, aliyekuwa akifanya kazi na watoto wa mitaa ya kimaskini ya mashariki ya London, aliuandikia kitabu kizima. Aliuawa vitani nchini Ufaransa mwaka 1916, naye hajatimiza miaka 30, lakini utaratibu aliouandika ulikwisha kushikwa na wengine.

Kundi zima la Maskauti laweza kuwa na vijana 30 au zaidi. Hilo hugawanywa katika vikosi vya watu sita mpaka wanane. Idadi hiyo ina maana yake. Wakipungua sana, kazi huwaelemea, na mmoja akiugua kikosi hulemaa. Wakizidi sana, hupatikana nafasi ya mtu kujificha nyuma ya wenziwe. Watu wanane wakienda kuteka maji, asiyekwenda hujulikana. Watu 40 wakienda, watano wanaweza kukaa kivulini na hapana atakayewaona. Tena watu wanane waweza kukaa katika duara moja, kila mmoja akamwona mwenziwe uso kwa uso na akapata zamu ya kusema, hata yule mwenye haya.

Kikosi hakivunjwi kila wiki ili kipangwe upya. Watu wale wale hukaa pamoja kwa muda mrefu, wakubwa na wadogo wamechanganyika. Mwenye miaka 15 humfundisha mwenye miaka 11 kufunga fundo, naye hujifunza subira katika kufundisha. Waliosoma chuo watakumbuka kwamba mwalimu mwenye watoto 60 hawezi kumsikiliza kila mmoja. Mwanafunzi mkubwa ndiye huwasikiliza wadogo, na wote wawili hufaidika.

Ndani ya kikosi kila mtu ana kazi yake inayojulikana kwa jina. Mmoja ni mwandishi, huandika yaliyosemwa na yaliyoamuliwa. Mmoja hutunza fedha, mmoja vyombo na kamba na mahema, mmoja dawa za huduma ya kwanza, mmoja jiko. Kazi hizi hubadilishana baada ya muda, ili asiwepo mtu ambaye akiondoka huondoka na elimu ya kazi ile. Aliyekuwa mpishi mwaka huu humfundisha mpishi wa mwaka ujao.

KIONGOZI, NAIBU, NA MTU MZIMA

Kila kikosi kina kiongozi mmoja na naibu wake. Wazee wetu wamesema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Ndiyo maana kikosi hakina viongozi watatu. Walakini nahodha mmoja naye akianguka baharini bila ya mtu mwingine anayejua usukani, chombo huenda mrama vile vile. Kwa hiyo naibu si cheo cha kumfurahisha mtu. Kazi yake ni kujua kila anachokijua kiongozi, na kushika mahali pake siku asipokuwapo.

Jambo gumu zaidi ni la mtu mzima, mkuu wa kundi. Akimwona mvulana wa kikosi fulani amekosea, haimpasi kumwamrisha juu ya kichwa cha kiongozi wake. Husema na kiongozi faragha, na kiongozi husema na wenziwe. Mtu mzima akiwazoea vijana kumkimbilia yeye kwa kila jambo, viongozi wa vikosi hubaki mapambo. Juhudi zake hasa huwekwa katika kuwafundisha hao viongozi: hukaa nao, hutembea nao, huwaonyesha kazi kabla hawajakwenda kuwaonyesha wengine.

Sisi wazazi na walimu hatulipendi sana jambo hili. Twataka shughuli itoke nzuri, basi twainyang'anya mikononi mwa vijana tukaifanya wenyewe. Shughuli hutoka nzuri kweli, na vijana hutoka hawakujifunza lolote. Chakula cha hitima kikipikwa na wazee miaka 20, mwaka wa 21 wazee wamekwisha, na vijana hawajui hata kipimo cha mchele.

BARAZA LA VIONGOZI

Msomaji ataweza kuuliza: ikiwa kila kikosi kina mambo yake, ni kitu gani kinachowafunga wote wawe chama kimoja? Jawabu ni baraza. Viongozi wa vikosi vyote, pamoja na mkuu wa kundi, hukaa katika kikao kinachoitwa Baraza la Heshima. Humo hupangwa safari na kambi, hutazamwa matumizi ya fedha, huamuliwa ni kikosi gani kitafanya kazi gani, na huzungumzwa makosa ya mtu aliyeuvunjia chama heshima. Yasemwayo humo juu ya makosa ya watu hayatolewi nje.

Lakini kabla ya baraza hilo kila kikosi hukaa peke yake. Kiongozi huwauliza wenziwe rai zao, kisha huzipeleka barazani. Baraza likiamua, huyarudisha maamuzi kwa wenziwe na kuwaeleza sababu. Hivyo maneno hupanda na hushuka kama ndoo ya kisimani. Pale ambapo maneno hushuka tu wala hayapandi, watu hutii kwa mwaka mmoja kisha hunyamaza, na baada ya kunyamaza huondoka.

Baraza hili lina faida nyingine, nayo ni kuzuia vikosi visiwe maadui. Vijana wakigawanywa hupenda kushindana, na mashindano ni mbolea nzuri ikiwekwa kiasi. Kikosi kimoja kikisifiwa kwa usafi wa kambi, vingine vitafagia. Ikizidi, huunguza mmea. Kikosi chenye kamba tatu kitaficha moja kisiwaazime wenziwe, na furaha ya ushindi itakuwa katika kuanguka kwa ndugu. Njia moja iliyo salama ni kuweka kipimo ambacho kila kikosi chaweza kukifikia, ili vyote vinne vikiwa safi vyote vinne visifiwe. Njia ya pili ni kuwapo kazi ambazo kikosi kimoja hakiziwezi peke yake, kama kujenga daraja la miti au kuhudumia mkutano mkubwa. Hapo kikosi cha jikoni hakiwezi kufanikiwa ikiwa kikosi cha maji kimeshindwa.

Haki yataka pia tuseme ubaya uliokuwapo. Baden-Powell alikuwa mtu wa dola ya kikoloni, na uskauti uliletwa Afrika ndani ya dola hiyo. Huko Afrika Kusini vijana Waafrika hawakupokewa katika chama kimoja na Wazungu. Walitengewa chama chao tangu mwaka 1922, na vyama vya rangi mbalimbali havikuunganishwa kuwa kimoja mpaka mwaka 1977. Kugawana kazi ni jambo moja, na kubaguana ni jambo jingine. Kikosi kinachotengwa kwa ajili ya kazi hukaa barazani sawa na wenziwe. Kinachotengwa kwa ajili ya rangi au kabila au ukoo, hicho hakikugawiwa kazi, kimenyimwa haki.

HABARI ZA ALGERIA

Kwa wasomaji wetu habari ya Algeria ina mazingatio makubwa. Nchi ile ilipokuwa chini ya Wafaransa, kijana Mwislamu aitwaye Mohamed Bouras, mzaliwa wa mwaka 1908, aliona kwamba vijana wa dini yake wanahitaji chama chao. Alianzisha kundi la Maskauti Waislamu mjini Algiers, na makundi mengine yakatokea katika miji mbalimbali, kila moja peke yake. Mwaka 1939 makundi hayo yalikutanishwa yakawa shirikisho moja la Maskauti Waislamu wa Algeria.

Baada ya miaka miwili tu, serikali ya kikoloni ilimkamata Bouras, na tarehe 27 Mei 1941 akauawa kwa kupigwa risasi, naye ni mtu wa miaka 33. Lau chama kile kingekuwa ni daftari na ufunguo mkononi mwa Bouras, kingezikwa pamoja naye. Hakikuzikwa. Kila mji ulikuwa na kundi lake, na makundi yalikuwa na viongozi waliokwisha kuzoea kuongoza. Tarehe 8 Mei 1945 Maskauti Waislamu walikuwamo katika maandamano makubwa ya mji wa Setif, na kijana mmoja miongoni mwao, Bouzid Saâl, aliyebeba bendera ya Algeria, alipigwa risasi na polisi akafa. Wengi waliolelewa katika chama kile walikuja kuwa watu wa mbele katika kuikomboa nchi, nayo ikapata uhuru mwaka 1962. Chama kingali hai mpaka leo.

JE, NI MAMBO YA KIGENI?

Baadhi ya wazee watasema kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Nawakumbusha vita vya Handaki, mwaka wa 5 wa Hijra. Maadui walipokusanyika kuiendea Madina, Salman Mwajemi alitoa shauri la kuchimba handaki, na Mtume, Rehema na Amani zimshukie, alilikubali. Wanahistoria wameeleza kwamba kazi ile iligawanywa: kila watu 10 walipewa dhiraa 40 za kuchimba. Haikusemwa tu kwamba Waislamu wote wachimbe. Kila kundi lilijua sehemu yake inaanzia wapi na inaishia wapi, na Mtume mwenyewe alichimba na kubeba mchanga pamoja nao. Rai ilitoka kwa mtu mgeni, asiye na ukoo pale mjini, nayo ikasikilizwa. Kundi dogo, kazi yenye mpaka, kiongozi aliye pamoja na watu, na shauri lisilotazama nasaba: hayo yote yalikuwapo Madina karne nyingi kabla ya kambi ya Brownsea.

YATUPASAYO KUFANYA

Vijana wenye chama, au wanaotaka kuanzisha chama, nawausia mambo machache.

Kwanza, msianze na vyeo, anzeni na kazi. Ziandikeni kazi zote za chama, kubwa na ndogo, kisha mgawanyike katika vikosi vya watu sita mpaka wanane, kila kikosi kipewe kazi yenye mpaka unaojulikana. Kusema tusaidie wagonjwa si kazi yenye mpaka. Kusema kikosi hiki kitazuru wadi ya watoto hospitalini kila Ijumaa baada ya Alasiri, hiyo ndiyo kazi.

Pili, kila mwenye kazi awe na naibu tangu siku ya kwanza. Na kila mwaka kazi zibadilishwe mikono, hata ikiwa aliyepo anaiweza sana. Kuiweza kwake ndiko kunakomfanya afae kuwafundisha wengine.

Tatu, fedha zisishikwe na mtu mmoja. Mmoja apokee, mwingine aandike, na kila mwezi hesabu isomwe mbele ya viongozi wa vikosi vyote. Kurani Tukufu imetuamrisha, katika Suratul Baqara, kuandika madeni na kuweka mashahidi, na waliohutubiwa kwanza walikuwa Masahaba, watu waaminifu kuliko sisi. Kwa hiyo anayeombwa daftari asione kwamba ametukanwa. Daftari lililo wazi humlinda mtunza hazina kabla ya kukilinda chama.

Nne, vijana wa kike wasifanywe wapishi wa shughuli za wanaume tu. Kule Uingereza wasichana walijitokeza wenyewe mwaka 1909 katika mkutano wa Maskauti kutaka nafasi, na mwaka 1910 kikaundwa chama chao chenye vikosi na viongozi wake. Binti zetu nao wawe na vikosi vyao, pamoja na fedha na maamuzi yao, na rai zao zifike barazani kama za wengine.

Na ninyi wazazi na walimu, wapeni vijana kazi ya kweli, kisha mvumilie kuitazama ikifanywa vibaya kidogo. Mchele utaungua siku moja. Tangazo litachelewa kubandikwa. Semeni na kiongozi wao kando, kwa upole, wala msimwaibishe mbele ya wenziwe, na kazi msiinyang'anye.

Kukijua chama chenu ni hai, jipimeni kwa swali hili: ikiwa mwenyekiti wenu atasafiri kesho miezi mitatu, je, wadi ya watoto itazuriwa Ijumaa ijayo? Ikiwa jawabu ni ndiyo, mshukuruni Mwenyezi Mungu na mzidi. Ikiwa ni hapana, msimlaumu mwenyekiti. Kaeni naye jioni ya leo, mpokeeni nusu ya mzigo, naye awaonyeshe namna ya kuubeba.

Wabillahi taufiq.